Keja ya Magurudumu Inanuka? Hii Ndio Rada ya Kumaliza Harufu ya Tanki ya Choo

Kama ulicheki Breaking Bad, unaikumbuka ile gari kubwa ambayo Walter na Jesse walikuwa wanaenda nayo jangwani. Ile ni Fleetwood Bounder ya 1986. Kwenye stori waliigeuza maabara, lakini kazi yake ya kawaida ni kuwa nyumba: kitanda, jikoni, bafu na choo, vyote juu ya magurudumu. Hapa tuiite gari-nyumba.

Kaso yangu ako Texas. Rent ilimlemea, akanunua gari-nyumba ya 1994 kwa bei ya kutupa, akahamia ndani mzima mzima. Wiki ya tatu akanipigia WhatsApp, huku ni saa nane usiku: "Buda, nyumba inanuka choo. Nimemwaga dawa chupa tatu na bado."

Nilicheka kwanza, nakubali. Lakini ukifikiria, hiyo ndio keja yake. Analala mita mbili kutoka kwa tanki ya kinyesi. Hana kwingine pa kwenda. Nikaanza kuchimba hii kitu, na nikapata watu wengi wenye gari mzee wanafanya kosa lile lile: wanapigana na harufu badala ya kuifuata. Harufu haipiti ukuta. Kuna mahali imepata njia, na ukiipata hiyo njia umemaliza kazi nusu.

Kwanza, hakikisha ni choo

Hii usiruke, maze. Ndani ya gari-nyumba kuna vitu vingine vinavyonuka kama mayai viza, na viwili kati yao vinaweza kukuua.

Cha kwanza ni gesi ya kupikia. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya unayoijua huwekwa makusudi ndio ikivuja ushtuke. Ukiisikia karibu na jiko, friji au hita, usiwashe taa, usizime taa, usiguse kiberiti. Toka nje na kila mtu, funga mtungi kama unaufikia salama, ita fundi.

Cha pili ni betri. Betri ya asidi ikichajiwa kupita kiasi inatoa gesi inayonuka vile vile, na pia inatoa haidrojeni, ambayo hulipuka. Ukipata betri ni moto na inanuka, toka nje, usiwashe chochote. Kama unaweza kukata umeme wa chaja ukiwa nje, kata, kisha acha mlango wazi hewa iingie na fundi aje acheki chaja.

Cha tatu hakina noma sana. Kama inanuka tu ukifungua maji ya moto, shida iko kwa hita ya maji, ambamo bakteria wamejenga kambi. Hapo tanki ya choo haihusiki.

Kama si hizo tatu, sasa tuongee choo.

Vile hiyo mambo inafanya kazi

Chini ya gari kuna tanki za maji machafu, mara nyingi mbili. Tanki nyeusi inabeba ya choo. Tanki ya kijivu inabeba maji ya sinki na bafu. Kila moja ina valvu yake ya kumwagia, na kila moja ina paipu ya hewa inayopanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa. Gesi inatakiwa kupitia hapo iende zake.

Kitu kinachozuia gesi isirudi ndani ni maji na mpira tu. Kwa choo kuna kifuniko kinachofunguka ukikanyaga pedali, na mpira wa kukiziba. Juu yake kunabaki maji kidogo. Chini ya kila sinki na bafu kuna ile paipu iliyopinda kama herufi U, ambayo hushika maji na kufunga njia. Hata kwa bedsitter yako iko. Ndio maana ukienda shags Krisi mwezi mzima, ukirudi bafu inanuka: maji yamekauka kwa ile paipu na hewa ya mtaro imeingia kukungoja.

Sasa chukua gari ya miaka thelathini. Mpira umekuwa mgumu, umepasuka. Barabara inatikisa maji yanamwagika kutoka kwa zile paipu. Plastiki imechoka. Njia za harufu zinaongezeka kila mwaka.

Uliza harufu: unakuja saa ngapi?

Kabla ya kununua chochote, chukua siku mbili uandike harufu inakuja wakati gani na wapi. Jibu liko hapo.

Inakuja ukiflashi choo na feni ya paa imewashwa? Feni inavuta hewa nje, na ukifungua choo inavuta hewa ya tanki ndani. Zima feni, flashi, funga, ndio uwashe tena. Hiyo ni bure.

Inakuja gari ikitembea? Dirisha lililofunguliwa linaweza kufanya hewa ya ndani ivutwe nje, halafu nafasi yake inajazwa na hewa ya tanki kupitia paipu iliyokauka. Jaza zile paipu maji na ujaribu kuendesha madirisha yakiwa yamefungwa.

Inanuka chooni masaa yote? Cheki mpira wa choo.

Inanuka ndani ya kabati ya sinki? Cheki valvu ya hewa, tutaifikia.

Inanuka kwa kabati ya nguo au ukutani, mbali na maji? Paipu ya hewa inaweza kuwa imepasuka humo ndani.

Inazidi jua likiwaka na tanki ikijaa? Cheki paipu ya hewa kule juu ya paa.

Marekebisho, kuanzia ya bei ya chini

1. Maji. Mwaga kikombe kimoja au viwili kwa kila sinki na kwa shimo la bafu. Ngoja lisaa limoja. Kama harufu imeisha, umejitibu bure. Rudia kila ukifika safari, na kila gari ikikaa muda bila kutumika.

2. Mpira wa choo. Weka maji kwa bakuli la choo na uende ulale. Asubuhi yakiwa yameisha, mpira hauzibi. Vaa glovu, safisha ukingo wake na mswaki mzee, kwa sababu wakati mwingine ni uchafu tu umekaa hapo. Upake grisi ya silikoni. Usipake mafuta ya kujipaka, yale yanaharibu mpira. Kama bado maji yanaisha, nunua mpira mpya wa modeli ya choo chako.

3. Mpira wa chini ya choo. Kati ya choo na sakafu kuna mwingine. Ukikalia choo kikatikisika, au ukaona unyevu pale chini, huo umechoka. Unafungua bolti, unainua choo, unabadilisha. Ni kazi ya mchana mmoja na tumbo gumu.

4. Valvu ya hewa chini ya sinki. Ni kofia ndogo ya plastiki iliyosimama juu ya paipu ndani ya kabati. Kazi yake ni kuingiza hewa maji yakishuka, kisha kujifunga. Ikizeeka inabaki wazi na hewa ya tanki ya kijivu inakuja moja kwa moja. Ifungue kwa mkono, weka mpya. Ni dola chache tu, na watu wengi hawajui hata iko.

5. Paipu ya paa. Panda kwa uangalifu, paa la gari mzee si la kurukia. Toa kofia ya paipu. Unaweza kupata kiota cha ndege au nyigu wameziba kila kitu. Pia angalia kama paipu imeteleza chini. Ikishuka mpaka ikazama kwa uchafu, gesi haiwezi kupanda, inatafuta mlango mwingine, na mlango mwingine ni choo chako. Ukimaliza, ziba vizuri kuzunguka paipu, la sivyo mvua ikinyesha utakuwa na shida mpya.

6. Ufa. Kama yote ni sawa na bado inanuka, angalia tanki yenyewe, hasa pale paipu zinapoingilia juu yake. Ufa wa juu hauvujishi maji, unavujisha harufu tu, ndio maana unajificha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kununua tanki mpya.

Osha tanki kama mtu mzima

Kuna tabia moja inayoharibu tanki nyeusi kuliko zote: kuacha valvu yake wazi ukiwa umeunganisha na bomba la kambi. Unafikiri unajirahisishia kazi. Kumbe maji yanakimbia peke yake na kinyesi kinabaki, kinakauka, kinajijenga kama kichuguu chini ya choo. Kikishakauka hivyo, kukitoa ni vita.

Acha valvu imefungwa mpaka tanki ifike karibu theluthi mbili. Nenda kwa kituo cha kumwagia, fungua nyeusi kwanza, kisha ya kijivu ili maji ya sabuni yasafishe paipu. Baadaye weka maji safi kwa tanki nyeusi, lita kama tano hadi kumi, kabla ya mtu yeyote kuitumia. Tanki nyeusi haifai kuanza kavu. Na ukiflashi, usibane maji. Maji ni rafiki.

Kama kichuguu kishajengeka, jaza tanki maji mpaka karibu robo tatu, weka dawa ya vimeng'enya, iache usiku mzima au zaidi, endesha gari kidogo iyumbeyumbe, kisha mwaga. Rudia mpaka maji yatoke safi. Inaweza kuchukua raundi kadhaa, usikate tamaa ya kwanza.

Toilet paper nayo ni maneno. Weka kipande kwa chupa ya maji, tikisa. Ikiyeyuka vipande vipande, iko sawa. Ikibaki shuka, itakuziba. Zile tishu za mvua za watoto usitupe humo, hata kama pakiti inasema inaruhusiwa.

Na usisahau tanki ya kijivu. Mafuta ya kupikia na mabaki ya chakula yakioza humo, harufu inaweza kushinda ya choo. Pangusa sahani kabla ya kuosha.

Kuhusu dawa

Dawa za kemikali za zamani, zile zenye formaldehyde, zinaua bakteria. Ziko na nguvu kweli, lakini zikifika kwa shimo la maji machafu la kambi zinaua bakteria wanaofanya kazi huko. California iliziwekea marufuku dawa za aina hiyo. Siku hizi watu wengi wanatumia za vimeng'enya na bakteria wazuri, ambazo zinakula uchafu badala ya kuuficha. Hizo zinahitaji maji mengi na muda. Ukiziweka kwa tanki kavu umetupa pesa.

Lakini sikia: hakuna dawa inayoziba mpira uliopasuka. Hapo ndio kaso alikuwa amepoteza doh.

Vitu usijaribu

Usimwage Jik kwa tanki nyeusi. Mkojo una amonia, na Jik ikikutana na amonia inatoa gesi ya sumu. Pia usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi.

Usitafute mahali panapovuja kwa kiberiti au mshumaa. Mlioona Christmas Vacation ya 1989 mnamkumbuka Cousin Eddie akimwaga tanki yake kwa mtaro, na mwishowe moto ukashika. Kwa filamu ni kicheko, lakini kinyesi kikioza bila hewa kinatoa methani, na methani inawaka.

Usiingize kichwa kwa tanki wala kulala karibu na valvu iliyo wazi. Gesi ya mayai viza ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa. Yaani harufu ikipotea ghafla, inaweza kuwa imezidi. Ukisikia kizunguzungu au macho yanachoma, toka nje mara moja.

Na usimwage tanki popote barabarani. Tumia kituo chake.

Kaso alipata nini?

Siku ya kwanza alijaza maji kwa paipu zote. Harufu ya bafu ikaisha. Ya choo ikabaki. Usiku huo akaweka maji kwa bakuli, asubuhi hakuna tone. Mpira ulikuwa umekauka kama ganda la ndizi la juzi. Akaagiza mwingine, akauweka mwenyewe Jumamosi akiwa amejifunga shati puani.

Jumapili akanitumia voice note. Nilitegemea shukrani, nikasikia tu kijiko kikigonga sufuria na yeye anasema kitunguu kinakaribia kuungua. Nikamuuliza amejuaje na ameketi kule mbele. Akaniambia, "Nimesikia harufu yake, buda. Ya kitunguu tu."