Kitanda Kilianza Kufichwa Lini?

Kama umepanga chumba kimoja, hesabu yako unaijua. Kitanda hapa, jiko la gesi kwenye kona, ndoo ya maji nyuma ya mlango, na kipande cha sakafu kilichobaki ndicho sebule. Mgeni akija anakaa wapi? Pembeni mwa kitanda. Ndiyo maana kochi-kitanda linapendwa: mchana unalikalia, usiku unalivuta, unalala. Wengi tunadhani ni ujanja wa juzi tu. Kumbe historia yake ni ndefu, ina fizikia ndani yake, na ina aibu kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. "Kochi" tumelitoa kwenye Kiingereza, na Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, ambao kitenzi chao *coucher* maana yake ni kulaza. Yaani jina la kitu tunachokalia lilizaliwa kwenye kulala!

Na watu wa kale hawakuwa na shida na mchanganyiko huo. Katika nyumba za Kijapani, godoro la futon hukunjwa asubuhi na kuingizwa kabatini, chumba kikawa cha kukaa na kula. Kwetu pwani, kitanda cha kamba kilichowambwa vizuri kinatolewa kivulini mchana, watu wanakikalia wakipiga soga. Usiku kinarudi kazini. Hakuna anayeona haya kwamba kiti chake ni kitanda.

Sasa swali: nani aliamua kwamba kitanda lazima kijifiche?

Chicago, 1885

Twende Marekani. Mwaka 1880 mji wa Chicago ulikuwa na watu wapatao 503,000. Mwaka 1890 walikuwa karibu 1,100,000. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na vitongoji vilivyounganishwa na mji mwaka 1889, lakini hata hivyo watu walikuwa wanamiminika. Nafasi ikawa finyu, kodi ikawa jambo la kuumiza kichwa.

Katika mji huo kulikuwa na mwanamke Mweusi aliyekuwa na duka la samani, Sarah E. Goode. Tarehe 14 Julai 1885 alipewa hataza namba 322,177 ya kitanda-kabati. Kikifunguliwa ni kitanda. Kikikunjwa ni dawati la kuandikia, lenye nafasi za kuwekea karatasi. Mara nyingi utasoma kwamba alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata hataza. Si hivyo: Martha Jones alipata yake mwaka 1868, na Judy W. Reed mwaka 1884. Lakini kuwa miongoni mwa wa kwanza, miaka 20 tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo, si jambo dogo.

Vitanda vya kukunja vilikuwapo kabla yake, na Goode mwenyewe hakudai kingine. Alichoeleza ni matatizo aliyotaka kuyatatua. Matatu kati yake yatakuhusu ukienda kwa fundi leo.

Uzito, komeo na katikati

La kwanza ni uzito. Chukua kitanda cha kilo 40, urefu mita 2, kimefungwa kwa bawaba upande mmoja. Uzito wake ni kana kwamba umekaa katikati, mita 1 kutoka kwenye bawaba. Ukikiinua kwa kushika ncha ya mbali, mikono yako inabeba nusu, yaani kama kilo 20. Kila asubuhi, kila usiku. Dawa yake ni kuweka uzani upande wa pili wa bawaba, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: kilo 80 zikikaa nusu mita kutoka kwenye bawaba, zinasawazisha kilo 40 zilizo mita moja. Springi nayo hufanya kazi hiyo, kwa sababu huvuta kwa nguvu zaidi pale ilipotanuka zaidi, na ikifungwa inavyotakiwa hapo ndipo kitanda kiko chini na kizito kuliko wakati wowote.

Lakini ukishakisaidia kitanda kuinuka, umeleta tatizo la pili: kinaweza kuinuka wewe ukiwa juu yake. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kukishikilia kikiwa wazi.

La tatu ni katikati. Ubao ulioegemezwa ncha mbili hupinda zaidi katikati. Mzigo ukiwa uleule, ukipunguza umbali kati ya nguzo kwa nusu, kupinda kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo maana Goode aliweka mhimili wa ziada katikati, unaojiweka wenyewe kitanda kinapofunguliwa. Na ndiyo maana kochi-kitanda la bei chee linakuamsha mgongo ukiuma: mhimili haupo, au upo na godoro ni jembamba hadi unauhisi.

Kutoka ukutani hadi kwenye televisheni

Mwanzoni mwa karne ya 20, William L. Murphy wa San Francisco alikitia kitanda ndani ya ukuta. Inasimuliwa kwamba alikuwa anamchumbia mwimbaji wa opera, na maadili ya wakati ule hayakumruhusu binti kuingia kwenye chumba chenye kitanda cha mwanamume. Kitanda kikipanda ukutani, chumba kinageuka sebule. Iwe kweli au chumvi, kisa hiki kinajibu swali letu: kilichofichwa ni aibu, si kitanda tu. Kufikia 1916 kitanda hicho kilijulikana kiasi kwamba Charlie Chaplin alipigana nacho kwenye filamu ya *One A.M.*, na kitanda kikashinda.

New York nako, Bernard Castro, mhamiaji kutoka Italia, aliuza makochi ya kugeuza kitanda. Mwaka 1948 binti yake wa miaka minne alionekana kwenye tangazo la televisheni akilifungua kochi mwenyewe. Hiyo ni fizikia ya bawaba na springi, imegeuzwa biashara.

Nani anafaidika?

Hapa tusidanganyane. Kitanda cha ukutani kilimpa mpangaji sebule, lakini kilimpa pia mjenzi sababu ya kutojenga chumba cha kulala. Majengo mengi ya California yalijengwa hivyo: chumba kimoja, kitanda ukutani, na hesabu ya wapangaji kwa kila ghorofa ikapanda. Samani haiongezi hata mita moja ya mraba. Inachofanya ni kukupa mita zilezile mara mbili kwa siku, na kazi ya kukunja na kukunjua ni yako.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiangalie kitambaa kwanza. Lifungue na ulifunge mwenyewe mara tatu. Jaribu kulitikisa likiwa wazi, uone kama linajifunga. Kisha lala katikati, si pembeni, kwa dakika kumi nzima. Muuzaji akinuna, mwache anune. Usiku atakuwa kwake.

Na kama huna hela ya kochi-kitanda, tandika shuka safi, mkaribishe mgeni akae kitandani. Wazee wetu walifanya hivyo kwenye kamba za ukindu, na mazungumzo yalinoga.