Vyakula vya asili vinavyoweza kuua ukikosea kuandaa, na kimoja huenda kiko jikoni kwako

Januari 1975, mjini Kyoto, Japani, mwigizaji maarufu wa michezo ya jukwaani ya kabuki, Bando Mitsugoro wa Nane, alikula maini ya samaki aitwaye fugu. Si sahani moja, ni nne. Akapoteza maisha.

Fugu ni jamii ya bunju, yule samaki anayejivimbisha kama puto, ambaye wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanamjua vizuri. Maini na mayai yake hubeba sumu iitwayo tetrodotoksini. Inalemaza misuli polepole hadi ile ya kupumulia, na mtu anaweza kuwa na akili zake timamu muda wote huo. Kuichemsha hakusaidii, na dawa ya kuiondoa mwilini haijapatikana.

Bado Wajapani wanamla, na wanalipa pesa ndefu. Ila mpishi lazima awe na leseni, na tangu 1984 mikahawa imepigwa marufuku kuuza maini yake. Wengi wanaodhurika siku hizi ni wale wanaomvua wenyewe na kumtengeneza nyumbani.

Jamaica nako kuna ackee, tunda la taifa, ambalo asili yake ni Afrika Magharibi. Hupikwa na samaki wa chumvi na likiwa sahanini unaweza kudhani ni mayai ya kuvuruga. Sheria yake ni moja tu: usilifungue, subiri lipasuke lenyewe mtini. Likiwa bichi lina sumu inayoshusha sukari mwilini, mtu anatapika mfululizo na anaweza kuzimia na kufa. Marekani ilizuia kuliingiza nchini humo kwa miaka mingi, hadi 2000 ilipoanza kuruhusu la kopo kutoka viwanda vilivyokaguliwa.

Papa wa Iceland, hákarl, anatisha zaidi kwa harufu. Nyama yake mbichi ina sumu, hivyo hufukiwa kwa wiki kadhaa kisha hutundikwa miezi mingine hadi ikauke. Wageni wengi huishia tonge la kwanza.

Cha Greenland ndicho kinachoonyesha jinsi kosa dogo linavyogharimu. Kiviak hutengenezwa kwa kujaza mamia ya ndege wadogo wa baharini, na manyoya yao, ndani ya ngozi ya sili. Ngozi inashonwa, inapakwa mafuta, inafunikwa kwa mawe na kuachwa miezi kadhaa. Mwaka 2013, katika kijiji cha Siorapaluk, watu walikufa baada ya kula kiviak iliyotengenezwa kwa ndege wa aina nyingine, bata wa baharini. Bata hao hawakuchacha inavyotakiwa, na bakteria wa sumu wakapata nafasi.

Sasa turudi nyumbani. Kati ya vyakula vyote hivi, kilichoumiza watu wengi zaidi hakitangazwi kwa watalii. Ni muhogo.

Muhogo mchungu una kemikali inayogeuka kuwa sayanaidi. Wenyeji wa Amazon, ulikotoka kabla Wareno hawajauleta Afrika, walijua hilo zamani. Huukuna, huukamua, na maji yake huyachemsha sana kabla ya kuyafanya mchuzi. Kaskazini mwa Brazil kuna chakula cha majani ya muhogo, maniçoba, kinachochemshwa kwa karibu wiki nzima.

Afrika nayo ina njia zake: kuloweka siku tatu au nne, kuvundika, kuanika. Wanaokula ugali wa udaga wanajua kazi hiyo. Shida huja njaa inapobisha hodi. Ukame unaongeza sumu kwenye muhogo, mazao mengine yanakauka, na familia isiyo na akiba haiwezi kusubiri siku nne. Inaloweka siku moja, inasaga, inakula.

Matokeo yake ni konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Congo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wanaopata zaidi ni watoto na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Mwili unaweza kupambana na kiasi fulani cha sayanaidi, lakini unahitaji protini, na wakati wa njaa maharage na samaki ndivyo vinavyokosekana kwanza. Mwaka 1981, mkoani Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipata ulemavu huo kwa msimu mmoja wa ukame. Miaka ya 1980 uliripotiwa pia Tarime, mkoani Mara, Tanzania. DR Congo bado upo.

Mtafiti Howard Bradbury na wenzake wa Australia walipata njia isiyohitaji hela, na imetumika vijijini DR Congo. Unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba, usizidi sentimita moja, kisha unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu ipae hewani kama gesi. Baada ya hapo unasonga ugali siku hiyohiyo, kama kawaida.