Jinsi ya kupima taimingi ya mashine ya boti

Mashine ya boti ikizimika katikati ya Ziwa Jipe, kaunti ya Taita Taveta, waliomo hukabiliwa na viboko na mamba, huku matete yakizuia njia ya kufika ufuoni. Miongoni mwa mambo yanayostahili kukaguliwa kabla ya safari ni taimingi, yaani wakati ambapo plagi hutoa cheche.

Cheche huwasha mafuta muda mfupi kabla ya pistoni kufika juu kabisa ya silinda. Ikiwahi mno, mashine hugonga na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu hupungua na joto hupanda.

Kwanza, mashine ifungwe imara, sehemu yake ya chini ikiwa majini, kwa kuwa pampu ya maji huharibika inapozunguka pakavu. Pili, taa ya kupimia taimingi iunganishwe na waya wa plagi ya silinda nambari 1. Tatu, mashine iwashwe, iachwe ipate joto, kisha iendeshwe kwa kasi iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Taa ikielekezwa kwenye gurudumu la juu, humulika kila cheche inapotoka, na alama za gurudumu huonekana kana kwamba zimesimama. Digrii zinazosomwa zilinganishwe na za kitabu. Vidole na nguo viwe mbali na gurudumu hilo.

Katika mashine nyingi za kisasa, taimingi huongozwa na kompyuta na hairekebishwi kwa mkono. Tofauti ikionekana, hitilafu itafutwe kwenye vihisi au nyaya.