Kuvu haifi kwa kupanguswa: Namna ya kutakasa meza za maabara

MEZA ya maabara inaweza kung’aa ilhali ingali na maradhi juu yake. Wahudumu wa maabara jijini Nairobi, kuanzia zile ndogo za ghorofani katikati ya jiji hadi za hospitali kubwa za Parklands na Upper Hill, hawana budi kulikumbuka jambo hili kila wapokeapo sampuli yenye kuvu.

Mfano ulio dhahiri ni kuvu iitwayo Candida auris, ambayo wanasayansi waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 2009 baada ya kuipata sikioni mwa mgonjwa nchini Japani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 kuhusu wagonjwa wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Parklands, ulionyesha kuwa kati ya 2010 na 2016 kuvu hiyo ilisababisha asilimia 38 ya maambukizi ya damu yaletwayo na jamii ya Candida. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika kundi la kuvu hatari zaidi, pamoja na Cryptococcus neoformans, ambayo hushambulia utando wa ubongo hasa kwa watu wanaougua Ukimwi.

Candida auris huweza kuishi juu ya meza kavu kwa majuma kadhaa. Isitoshe, dawa nyingi za kawaida za kusafishia, zilizoundwa kwa chumvi za amonia pekee, haziiui ipasavyo. Mhudumu akiigusa, aweza kuipeleka wodini kwa mikono yake. Ikiingia katika sampuli ya mgonjwa mwingine, mgonjwa huyo aweza kupewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao.

Hatua ya kwanza ni kuondoa uchafu. Damu, makohozi na mabaki ya vyakula vya kuoteshea vimelea huidhoofisha klorini kabla haijaifikia kuvu. Baada ya meza kusafishwa kwa sabuni na maji na kusuuzwa vyema, ndipo dawa hupakwa.

Dawa iliyo rahisi kupatikana ni klorini. Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kikichanganywa na vipimo sita vya maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5. Mchanganyiko huo hutengenezwa upya kila siku, kwani hupungua nguvu. Meza ibaki majimaji kwa muda wote ulioandikwa kwenye maelezo ya dawa, kwa kawaida dakika 10, kisha ipanguswe kwa maji kwa sababu klorini hula chuma. Kamwe isichanganywe na asidi wala amonia, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Spiriti ya asilimia 70 hufaa kwa sehemu ndogo zilizokwisha kusafishwa. Ile kali zaidi si bora, kwa kuwa maji yaliyomo huisaidia kupenya ndani ya kimelea. Hata hivyo, hukauka upesi, hushika moto, na haiaminiki dhidi ya mbegu za kuvu kama vile Aspergillus.

Sampuli ikimwagika, watu watoke chumbani kwa dakika 30 ili mbegu zilizo hewani zitue. Kisha mhudumu, akiwa amevaa glavu, barakoa na koti, afunike mahali hapo kwa karatasi, amwagie klorini kutoka pembeni kuelekea katikati, na asubiri dakika 30 nyingine. Taka zote zichomwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za selisiasi.

Kila chupa ya dawa iandikwe tarehe ya kutengenezwa, nguvu yake na dakika za kusubiri. Mhudumu wa zamu ya usiku asilazimike kukisia.