Fumbo la Gazeti na Msaada wa Kulifumbua: Kutoka Baraza hata Kamusi

Katika Kiswahili kitenzi kimoja hufunga na hufungua. Kutokana na kufumba hupatikana fumbo. Na kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha kutendua, hupatikana kufumbua. Kadhalika kitendawili hutegwa kama mtego, na mwenye kukijua hukitegua. Lugha yenyewe, basi, yadhihirisha kwamba fumbo halitimii mpaka apatikane wa kulifumbua, na aghalabu huyo huhitaji msaada wa mwingine. Makala haya yaeleza jinsi msaada huo ulivyohama kutoka kwa watu wa baraza hata kamusi, tangu fumbo lilipoingia katika miraba ya gazeti. Mji wa Iwawa, ulio mbali na pwani, umechukuliwa kuwa kielelezo cha faida na hasara ya uhamisho huo.

Desturi ya kitendawili yajulikana. Mtegaji husema, “Kitendawili!” na waliopo hujibu, “Tega!” Akisema, “Nyumba yangu haina mlango,” atakayejibu “Yai” ameshinda. Wakishindwa wote, mtegaji hudai mji. Hutajiwa mji huu na mji ule hata aridhike, ndipo atoapo jibu. Yafaa kuiangalia vema desturi hii. Kuomba msaada si aibu, lakini msaada una bei, nayo hulipwa mbele ya watu. Tena jibu limo katika kumbukumbu ya watu. Hakuna kitabu cha kwenda kulitafuta.

Washairi wa mwambao walikuwa na mchezo mwingine wa namna hii. Mmoja hutunga shairi la fumbo, na wenzake hulijibu kwa bahari ile ile. Magazeti yalipoenea, mchezo huo uliingia humo. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji wake, na malumbano ya washairi yakapata uwanja mpana kuliko baraza lolote. Mtu wa Tanga aliweza kujibiwa na mtu asiyemjua kwa sura. Hata hivyo msaada ulibaki kuwa wa mtu kwa mtu.

Fumbo la miraba lina asili nyingine. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo kilitoka New York mwaka 1924, na gazeti la The Times la London, lililojizuia kwa miaka kadhaa, lilianza kuyatoa mwaka 1930. Jambo la kuangaliwa ni kwamba tangu mwanzo wafumbuaji walikimbilia kamusi. Huko Marekani katika miaka ile ya 1920 maktaba zililalamika kuwa wafumbuaji wamezizonga kamusi na kuwazuia wasomaji wengine, na shirika moja la reli liliweka kamusi katika magari yake kwa ajili ya abiria. Msaada ulikuwa umehama kutoka kwa mtu na kuingia kitabuni.

Je, Kiswahili kingeweza kuupokea mchezo huu wakati wo wote? Jibu ni hapana, na sababu yake ni tahajia. Katika miraba kila herufi hutumikia maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Herufi moja ikiyumba, maneno yote mawili huanguka. Hati ya Kiarabu, iliyoandika Kiswahili kwa karne nyingi, ilimwachia msomaji kazi kubwa. Kwa desturi ya zamani herufi moja ilitosha kwa b, p na mb, hata maandishi yale yale yaliweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Waarabu wana mafumbo ya miraba katika hati yao, kwa kuwa lugha yao yasimama juu ya konsonanti. Kiswahili chasimama juu ya irabu pia. Hati ya Kirumi nayo haikuwa imetulia. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, aliliandika jina lenyewe la lugha “Suahili”.

Utulivu ulikuja kwa hatua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Mwaka 1935 ilitoka Kamusi ya Kiswahili ya Johnson, iliyofasiri maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939 zikafuata kamusi sanifu za Kiswahili na Kiingereza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Waliofanya kazi hizi walikusudia shule na vitabu. Lakini ndio waliomtengenezea mtungaji wa fumbo miraba yake.

Hata sasa miraba hufichua yasiyokwisha. Neno ng'ombe lina herufi sita, alama saba ukihesabu kibainishi, na sauti nne ukihesabu mb kuwa sauti moja. Mtungaji akikitupa kibainishi, ng'oa na ngoa huwa neno moja. Maalum huchukua miraba sita na maalumu saba. Heri minne na kheri mitano. Kwa upande mwingine sarufi humsaidia mfumbuaji. Maneno ya asili ya Kibantu huishia irabu, hivyo mraba wa mwisho mara nyingi una herufi moja katika tano. Kidokezo kikiwa cha wingi, mraba wa kwanza huonyesha ngeli. Kikitaka kinyume cha funga, mwisho -ua hujulikana kabla ya mengine.

Hapa ndipo Iwawa yaingia. Mji huu ni makao makuu ya wilaya ya Makete, katika mkoa wa Njombe uliotengwa na Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya milima, baridi, ngano na viazi, na lugha ya wenyeji ni Kikinga. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam hupita Iringa na Makambako, huiacha njia kuu ya Mbeya, hushika ya Njombe, kisha hupanda milima. Mkinga afumbuaye hana mzee wa Kiunguja jirani yake wa kumpa mji. Lakini Kikinga na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na Guthrie aliziweka zote katika kanda moja, G. Kwa hiyo mambo ya ngeli si mageni kwake. Akiwa na kamusi, awezekana kusimama sawa na mtu wa Unguja. Kabla ya kamusi, haki hiyo hakuwa nayo.

Walakini kuna hasara. Chukua mfano wa kidokezo hiki: zao la chakula lichimbwalo ardhini, miraba saba. Jibu ni mbatata, neno la pwani. Mkulima wa Iwawa ambaye amelilima zao hilo maisha yake yote huliita kiazi mviringo, nalo haliingii katika miraba. Atashindwa na kitu akijuacho kuliko mtungaji. Katika baraza angeweza kubisha, na waliopo wangeamua kuwa majibu yote mawili ni sahihi, kwa kuwa maana ni moja. Mraba hausikilizi hoja, wala kamusi haibishiwi.

Haifai kusema kwamba sanifu imekosa. Bila sanifu hata huo mchezo usingekuwapo. Linalofaa ni kutambua kwamba kila kamusi ifunguliwapo ili kujaza mraba, hufanya kazi ya hakimu, na yapaswa kuwa na ushahidi wa pande zote. Mtunga kamusi aonyeshe neno lisemwapo pwani na lisemwapo bara, pasipo kulifanya moja mgeni wa jingine. Mtungaji wa fumbo naye, akitumia neno la mahali pamoja, alitaje pahali hapo katika kidokezo, kama “kwa Unguja”. Hapo mkulima wa Iwawa atajua ni mji upi anaombwa autoe.