Ndoa ya Mitala na Mlango wa Kanisa katika Uluguru

Katika milima ya Uluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Hapo kale mume aliweza kuoa wake wawili au zaidi, na mara nyingi kila mke alilima katika ardhi ya ukoo wake mwenyewe.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walijenga misheni Morogoro katika miaka ya 1880 na Matombo mwaka 1897. Sharti lao lilikuwa bayana: mwenye wake wengi asibatizwe ila abaki na mmoja. Sharti hilo lilikuwa la zamani. Mwaka 1537 Papa Paulo III aliamuru kwamba mwongofu asiyekumbuka ni yupi aliyemwoa kwanza achague mmoja. Na mwaka 1571 Papa Pio V alimruhusu abaki na yule atakayebatizwa pamoja naye.

Waanglikana nao, katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888, waliamua kwamba mwanamume wa namna hiyo asibatizwe, bali afundishwe na kungoja. Wakeze waweza kubatizwa katika hali fulani. Hivyo yamkini mke akaingia kanisani, na mume akabaki mlangoni.

Yafaa kuangalia maneno yenyewe. Asemaye "wake wengi" huhesabu kwa upande wa mume. Asemaye "mke mwenza" huwatazama wanawake na uhusiano wao. Kwa muda mrefu hoja ya kanisa ilijengwa juu ya hesabu ile ya kwanza. Lakini mzigo wa kuachana ulimwangukia mke. Katika Uluguru aliyeachwa hakukosa shamba, kwa kuwa lilikuwa la ukoo wake. Alichokosa ni heshima ya ndoa iliyofungwa kwa halali mbele ya wazee wa pande mbili.

Hoja ya pili ilipata watetezi baadaye. Padre Eugene Hillman, wa Shirika lilo hilo la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi katika nchi ya Wamasai, alitoa mwaka 1975 kitabu kiitwacho Polygamy Reconsidered. Askofu David Gitari wa Kenya aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1984. Na mwaka 1988 Lambeth iligeuza uamuzi wake wa karne moja: aliyeoa wengi kabla ya kuamini aweza kubatizwa pamoja na wakeze walioamini, mradi aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati yao yu hai, na Waanglikana wa mahali hapo waridhie. Asishurutishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo katika jamii.

Roma haikufika huko. Kanuni 1148 ya mwaka 1983 yashika sharti la mke mmoja, lakini yamwagiza askofu ahakikishe kwamba wanaoachwa wametunzwa kwa haki na upendo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kwamba wake wa mume mmoja wana haki sawa. Basi mke wa pili wa Uluguru ni mke kamili mbele ya serikali. Mbele ya Waanglikana aweza kupokelewa pamoja na mumewe. Mbele ya Wakatoliki, mume akitaka ubatizo, ni lazima mmoja kati ya wake hao aondoke.