Mfungwa Mahututi Mbele ya Majaji wa Afrika Kusini

Nchini Afrika Kusini mfungwa mahututi anayenyimwa parole ya kiafya, yaani kuachiwa mapema kwa sababu ya ugonjwa, anaweza kwenda mahakamani, na kesi inayorejewa sana ni ya Colin Stanfield ya mwaka 2003. Kigogo huyo wa magenge ya Cape Town, aliyefungwa kwa kukwepa kodi, alikuwa na saratani ya mapafu, lakini maofisa walimwona bado ana nguvu. Jaji aliamuru aachiwe: kumsubirisha mtu gerezani mpaka ashindwe kuinuka kitandani ni kumvua utu wake.

Sheria ya magereza ya 1998 ilimfikiria tu mfungwa aliye katika hatua ya mwisho ya ugonjwa. Baada ya ghadhabu iliyozuka pale Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyefungwa kwa rushwa, alipoachiwa kwa parole ya kiafya 2009, sheria hiyo ilirekebishwa. Tangu Machi 2012 inamgusa pia asiyejiweza kimwili, na bodi ya madaktari hutoa ushauri.

Mtihani mgumu ulikuwa wa Clive Derby-Lewis. Mbunge huyo wa zamani wa chama cha Conservative ndiye aliyetoa bastola iliyomuua Chris Hani, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti, nje ya nyumba yake Dawn Park, Boksburg, Aprili 10, 1993. Alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza uhalifu wa enzi za ubaguzi wa rangi, ikamnyima msamaha. Naye akapata saratani ya mapafu. Januari 2015 Waziri wa Sheria na Magereza, Michael Masutha, alimkatalia parole, akisema ugonjwa umefika hatua ya 3B, si ya nne. Limpho Hani, mjane wa marehemu, alipinga vikali kutolewa kwake, na uchungu wake haukuhitaji kuelezwa. Hata hivyo, kumbishia mzee wa miaka 79 juu ya hatua moja ya saratani ni kumpimia kifo kwa rula. Mei 2015 Jaji Selby Baqwa wa Mahakama Kuu ya Pretoria alitengua uamuzi wa waziri. Derby-Lewis alitoka Juni, akafa Novemba 2016.

Wote hao walikuwa na mawakili. Ombi la mfungwa asiyejulikana linaweza kuishia mezani gerezani.

Kwa Jacob Zuma, rais wa zamani aliyefungwa kwa kudharau mahakama, mambo yaligeuka, kwani kilichopingwa ni kuachiwa kwake. Kamishna wa Magereza Arthur Fraser alimpa parole ya kiafya Septemba 2021 kinyume cha ushauri wa bodi; Mahakama Kuu ikaibatilisha Desemba, na Mahakama Kuu ya Rufani ikakubaliana nayo Novemba 2022. Agosti 2023 Zuma aliripoti gerezani, akatoka siku hiyohiyo kwa mpango wa Rais wa kupunguza vifungo.